Tia Rangi Ukindu Kwanza

Leo nazungumzia rangi, na redio haioneshi rangi. Kwa hiyo nawaomba mchukue kalamu na karatasi, maana ziko tarakimu chache nitakazozitaja taratibu, na kila tarakimu imebeba rangi ndani yake.

Nianze na mkeka. Wengi wetu tumekua tukimwona bibi au shangazi akisuka mkeka, na tunajua kwamba kazi ile haianzi na kusuka. Majani machanga ya mkindu, yaani ukindu, hukatwa, huanikwa mpaka yakakauka, huchanwa vipande vyembamba, kisha huchovywa rangi ndani ya sufuria inayochemka. Fungu hili jekundu, fungu hili zambarau, fungu hili kijani, na jingine huachwa na weupe wake. Huanikwa tena. Ndipo msukaji anapokaa chini, mafungu yake yako pembeni, akaanza kusuka ukili, ule utepe wa mkeka. Akihitaji nyekundu, mkono unakwenda kwenye fungu la nyekundu. Hasimami katikati ya ukili akawashe moto na kukoroga rangi upya, kwa sababu anajua kwamba sufuria ya leo haitalingana na ya jana, na mkeka utaonesha kiraka.

Sasa mtazame kijana aliyejifunza juzi kutengeneza kadi na mabango kwa kompyuta. Anafungua programu, anataka nyekundu. Anasogeza kipanya kwenye sanduku la rangi, huku na huku, mpaka jicho lake liseme hapo. Anachora, anahifadhi kazi, anazima. Kesho anataka nyekundu ileile. Anasogeza tena kipanya, huku na huku, mpaka jicho liseme hapo. Hajui kwamba skrini ya kompyuta huchanganya nyekundu, kijani na bluu, na kila moja ina ngazi kutoka 0 hadi 255. Ukizidisha 256 kwa 256 kwa 256 unapata rangi 16,777,216. Kuirudia rangi ya jana kwa kubahatisha, katika milioni kumi na sita na ushei, hakuna jicho linaloweza. Kijana huyu kila siku anawasha moto katikati ya ukili.

Ninachotaka kukisema jioni ya leo ni hiki: anayeanza kazi ya picha ajifunze mapema kuandaa malighafi yake mwenyewe na kuiwekea akiba, kabla hata hajajifunza madoido. Rangi zake, michoro yake inayojirudia, rangi zake zinazofifia kutoka moja kwenda nyingine. Azitengeneze mara moja, azipe majina, azihifadhi, na kila kazi azichote hapo.

Neno malighafi sikulibuni mimi. Iko programu moja ya siku nyingi, PaintShop Pro, iliyotolewa mwaka 1990 na kampuni ya Jasc ya Minnesota, Marekani, na tangu mwaka 2004 iko mikononi mwa Corel. Ndani yake liko kasha ambalo jina lake, ukilitafsiri kwa Kiswahili, ni hilohilo, Malighafi. Kwa watengenezaji wa programu ile, malighafi si rangi tupu pekee. Malighafi inaweza kuwa rangi moja, au rangi zinazofifia, au mchoro unaojirudia, na juu yake unaweza kuongeza mkwaruzo kana kwamba umechora kwenye turubai au ukuta wa chokaa. Ukishachanganya ukaridhika, unaihifadhi kama kipande cha sampuli, kama vile vipande vya kitambaa ambavyo fundi cherehani humwonesha mteja. Napenda sana fikra hiyo. Inamkumbusha mtu kwamba kabla ya kuchora kuna kuandaa cha kuchorea.

Lakini mfano wangu leo nitautoa katika programu nyingine, GIMP. Sababu yangu ni ya wazi. GIMP ni ya bure, na bure yake ni halali. Haikuombi kadi ya benki, haikuombi kulipia kila mwezi, na mwanafunzi wa Ujiji au Lamu anaweza kuipakua na kuinakili kwa flashi akampa mwenzake bila kuvunja sheria yoyote. Iliandikwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walioianza mwaka 1995. Toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025, na nitakayoyasema yanafaa pia kwa toleo la 2.10 ambalo bado liko kwenye kompyuta nyingi. Ninaona vijana wetu wengi wakihangaika na nakala za wizi za programu za gharama, zilizojaa virusi, na roho inaniuma. Kazi ya kuandaa malighafi ninayoieleza leo, GIMP inaiweza yote.

Tuanze na rangi, na hapa nitakaa kidogo.

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kutengeneza kadi za harusi ya binti wa jirani yetu. Wale mliowahi kukaa kwenye kamati ya harusi mnajua kwamba kabla ya ukumbi na kabla ya chakula, huchaguliwa rangi. Kamati ilichagua damu ya mzee na dhahabu. Nikatengeneza kadi za mchango, zikachapwa, zikagawiwa. Baada ya miezi miwili nikatengeneza kadi za mwaliko, na bango la ukumbini, na stika za chupa za maji. Kila moja niliifungua upya na kuitafutia rangi kwa jicho. Siku tulipoziweka pamoja mezani, mama mwenyekiti wa kamati alizitazama, akachukua kadi mbili akazishika sambamba, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, mbona hizi si ndugu?" Kadi moja ilikuwa na damu ya mzee iliyoelekea zambarau, nyingine ilielekea matofali. Na kina mama walikuwa wameshashona sare kwa kuilinganisha na kadi ya kwanza. Hakuna aliyenigombeza, lakini tangu siku ile sijachora kitu cha mtu bila kuandaa paleti kwanza.

Paleti ni nini? Ni ubao wa rangi, orodha ya rangi chache ulizozichagua, zimekaa pamoja chini ya jina moja. Ndani ya GIMP kuna dirisha la paleti, na ukilifungua utakuta nyingine nyingi zimekuja na programu. Hizo huruhusiwi kuzibadilisha. Unaweza kunakili moja ukairekebisha nakala, au ukaanza yako. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya ndani ya dirisha hilo, chagua paleti mpya, ipe jina. Kisha weka rangi uitakayo kama rangi ya mbele, bofya alama ya kuongeza rangi chini ya kihariri cha paleti, nayo inaingia.

Ila mimi napenda kuwafundisha wanaoanza njia nyingine, kwa sababu inaondoa woga. Faili la paleti la GIMP ni maandishi matupu. Unaweza kuliandika kwa programu ile ndogo ya kuandikia maandishi ambayo kila kompyuta inayo. Andika nami. Mstari wa kwanza lazima usomeke hivi: GIMP kwa herufi kubwa zote, uache nafasi, kisha Palette, P kubwa na nyingine ndogo. Bila mstari huo programu haitalitambua faili. Mstari wa pili ni jina: andika Name, nukta mbili, kisha jina lako, tuseme Harusi. Baada ya hapo kila mstari ni rangi moja: tarakimu tatu, ya nyekundu, ya kijani, ya bluu, halafu jina la rangi.

Damu ya mzee: 128, 0, 0. Ziandike bila mkato, zitenganishe kwa nafasi tu. Dhahabu: 212, 175, 55. Rangi ya maziwa, kwa ajili ya karatasi ya nyuma: 255, 253, 208. Hifadhi faili kwa jina la harusi, nukta, kisha herufi tatu g, p, l. Liweke katika folda ya paleti ya GIMP, ambayo mwishoni nitawaonesha ilipo, fungua programu, na paleti yako iko pale. Rangi tatu, mistari mitano. Faili ni dogo kiasi kwamba ukilituma kwa WhatsApp linafika kabla hujaondoa kidole. Mwenzako anayetengeneza bango katika mji mwingine atapata damu ya mzee ileile, tarakimu kwa tarakimu. Na Inkscape, programu ya bure wanayoitumia wengi kuchora nembo, inalisoma faili hilihili.

Majina ya rangi yaandike kwa Kiswahili. Naliomba hili kwa dhati. Lugha yetu ina utajiri wa rangi ambao tumeanza kuuacha tukishafika mbele ya skrini. Tazama majina yenyewe yanavyotoka kwenye vitu tunavyovijua. Kijani kinatoka kwenye majani, kijivu kwenye majivu, kahawia kwenye kahawa. Manjano ni ile bizari tunayotia kwenye mchuzi. Zambarau ni tunda linaloacha rangi mdomoni. Samawati imetoka kwenye neno la Kiarabu la mbingu. Kuna waridi, kuna machungwa, kuna nili, kuna hudhurungi, na kuna damu ya mzee ambayo mtu akiitaja huhitaji kuuliza mara mbili. Paleti ikiandikwa majina hayo, fundi na mteja wanazungumza lugha moja. Mteja anasema nataka ile samawati ya bango la mwaka jana, fundi anafungua paleti, anaikuta samawati, imekwisha. Na kama una samawati mbili, ziongezee sifa: samawati ya asubuhi, samawati ya kina. Usiziite moja na mbili, baada ya mwezi utasahau ipi ni ipi.

Iko njia nyingine ya kupata paleti, nayo ni kuchota rangi kutoka kwenye picha. Una picha ya bahari uliyoipiga mwenyewe Kunduchi jioni, au picha ya vikapu vya matunda sokoni. Ifungue, nenda dirisha la paleti, chagua kuingiza paleti, uiambie itoke kwenye picha hiyo, na uipunguze iwe na rangi nane. Programu itakuchagulia nane zinazotawala. Usizikubali zote, jicho lako ndilo la mwisho. Ukitaka rangi moja tu kutoka mahali maalumu, bonyeza herufi O kwenye kibodi, kielekezi kinageuka alama ya kuchotea rangi, bofya pale unapopataka, na rangi inakuja.

Sasa niende kwenye michoro inayojirudia, ambayo mafundi wengi huiita pateni.

Sisi wa mwambao na bara yake hatuhitaji kufundishwa pateni ni nini, kwa sababu tunaivaa. Chukua kanga. Ina pindo kuzunguka pande zote nne, ina mji katikati, ina jina lake chini ya mji. Utazame mji wa kanga yenye vidoa au vikorosho vidogovidogo: mchoraji hakuchora korosho mia tatu moja moja. Alichora kipande, kipande kikajirudia. Ustadi wote uko kwenye kipande kile, kwamba kikikaa karibu na mwenzake, mshono usionekane. Hilo ndilo linalowashinda wanaoanza. Wanachora ua zuri ndani ya mraba, wanaujaza ukurasa, na badala ya kitambaa wanapata ukuta wa vigae, kila kigae kimejitenga na mwenzake.

Dawa yake ni hii, na nitaieleza polepole kwa sababu ndiyo roho ya kazi. Tengeneza picha mpya ya mraba, tuseme pikseli, yaani vinukta vya picha, 256 kwa 256. Chora ua au korosho yako katikati, usiguse kingo. Halafu bonyeza Shifti, Kontroli na herufi O kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kusogeza. Chagua kusogeza kwa nusu, upana na urefu, na uhakikishe umechagua kile kinachotoka upande mmoja kiingie upande wa pili. Kubali. Utaona jambo la kushangaza kidogo: ua lako limegawanyika vipande vinne, kila kipande kimekwenda kwenye pembe yake, na katikati pamebaki patupu. Usiogope, hujaharibu. Kingo za picha sasa ni zile zilizokuwa katikati, kwa hiyo zinaungana zenyewe zikikutana. Na zile zilizokuwa kingo sasa ziko katikati, mbele ya macho yako, unaweza kuzitengeneza. Chora ua dogo hapo katikati, au jani, au vidoa. Kama mandhari ya nyuma ilikuwa na mstari, ufute kwa utaratibu. Sogeza tena kwa nusu uangalie. Ukiona hakuna mshono, kipande kimeiva.

Sasa kihifadhi. Chagua picha yote kwa Kontroli na A, nakili kwa Kontroli na C. Wakati huohuo GIMP inakiweka kipande hicho mwanzoni kabisa mwa dirisha la pateni, na unaweza kukijaribu papo hapo. Lakini hicho bado ni cha muda. Ukinakili kitu kingine, kinaondoka. Ukizima programu, kinaondoka. Wengi huishia hapo, kesho wanashangaa pateni imekwenda wapi. Ili ibaki, nenda kwenye menyu ya pili kutoka kushoto, ile ya kuhariri, tafuta sehemu ya kubandika kama, uchague pateni mpya. Itakuuliza jina la pateni na jina la faili. Jaza yote mawili kwa maana. Korosho nyekundu kwenye maziwa. Siyo jaribio la tatu.

Ili kuitumia, bonyeza Shifti na B, upate ndoo ya kumwagia rangi, na katika machaguo yake uiambie imwage pateni badala ya rangi. Bofya ndani ya ukurasa. Ukurasa wenye upana wa pikseli 1024 utajaa vipande vinne kwa mstari, na kama ulifanya kazi yako vizuri, mtu hataweza kukuonesha kipande kimoja kinaishia wapi.

Hapa pana tahadhari ambayo sikuambiwa nilipoanza, nikaijua kwa hasara. Ndoo humwaga pateni kwa ukubwa wake uleule, haiikuzi wala haiipunguzi. Pateni ya pikseli 256 inapendeza kwenye skrini. Ukiichapa kwenye kadi kwa pikseli 300 kwa inchi, inakuwa na upana wa sentimita mbili na kidogo tu. Korosho zako zinageuka punje za mtama. Kwa hiyo, kwa kazi ya kuchapwa, chora kipande kikubwa tangu mwanzo. Cha pikseli 1200 kitakupa sentimita kumi kwenye karatasi. Mimi kila pateni huitengeneza kubwa, kisha natoa nakala ndogo ya skrini, na kwenye jina naandika kubwa au ndogo. Ukianza na ndogo ukaikuza baadaye, inakuwa na ukungu, na ukungu huo hautoki.

Na jambo jingine niliseme wazi. Usipige picha kanga ya dukani ukaikata mji wake ukaufanya pateni yako. Mchoro ule una mwenyewe, alikaa akaufikiria. Itazame, jifunze inavyopangwa, kisha chora korosho yako. Mkono wako utakuwa na kosa lake na uzuri wake, na huo ndio utakaokutambulisha.

Rangi zinazofifia, ambazo wenye kazi huziita gradienti, nitazipitia kwa haraka, kwa sababu anayeanza huzipenda kupita kiasi. Ni rangi inayotoka moja ikayeyuka kuwa nyingine, kama anga la magharibi jua likizama. Kihariri chake kina pembetatu ndogo nyeusi zinazoonesha rangi inaanzia na kuishia wapi, na nyeupe inayoonesha katikati yake. Unazisogeza kwa kipanya. Tengeneza mbili au tatu kutoka kwenye paleti yako, uzihifadhi kwa jina, basi. Kwenye bango la tangazo la msiba au la mkutano wa kijiji, maandishi juu ya rangi inayofifia hayasomeki kwa mbali, na bango lisilosomeka limekosa kazi yake.

Ukishakuwa na rangi, pateni na gradienti, GIMP inakuruhusu kuzifunga pamoja na chombo unachochorea. Chini ya dirisha la machaguo ya chombo kuna alama ya kuhifadhi. Ukiibofya, programu inakumbuka brashi uliyokuwa nayo, ukubwa wake, rangi, pateni, hata herufi za maandishi. Unaweza kuwa na brashi ya pindo la kanga, nyingine ya kuandikia jina, nyingine ya kusahihisha picha za sura. Kihariri chake kina visanduku vya kuweka tiki: je, nikichukua chombo hiki, irudishe na rangi, au chombo tu? Anayeanza huweka tiki zote, kisha anashangaa rangi inabadilika bila kuiambia. Weka tiki pale tu unapotaka.

Nije kwenye karatasi, maana wengi wetu kazi zetu huishia kwa wachapaji. Skrini huwaka, karatasi haiwaki. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na kuna kijani na bluu kali za skrini ambazo wino huo hauwezi kuzifikia. Basi fanya hivi mara moja kwa kila paleti: tengeneza ukurasa wenye miraba ya rangi zako zote, chini ya kila mraba andika jina na tarakimu zake tatu, peleka ukachapwe kwenye stesheneri unayoitumia siku zote, kwenye karatasi unayoitumia siku zote. Bandika ukutani mbele ya meza yako. Mteja akija, mwoneshe karatasi. Akisema hii dhahabu imefifia, mnaisahihisha kabla ya kadi mia mbili. Gharama yake ni ukurasa mmoja.

La mwisho ni mahali pa kuhifadhi, na hapa nasema kama mtu aliyeungua. Nilikuwa na paleti na pateni za miaka miwili. Kompyuta ikaanza kusuasua, nikaipeleka kwa fundi, akaipiga windo upya. Alinihifadhia nyaraka zangu zote na picha zangu zote, kwa uaminifu kabisa. Lakini malighafi ya GIMP haikai na nyaraka. Kwenye Windows inakaa katika folda iliyofichwa ya mtumiaji, ambayo fundi hakuniuliza na mimi sikujua nimwambie. Nikapoteza kila kitu. Pateni moja ya pindo nilikuwa nimeichora kwa siku nne, na sijaweza kuirudia ilivyokuwa.

Kwa hiyo, jioni hii, anayeweza afanye haya. Fungua GIMP, ingia kwenye mapendeleo, yako mwishoni mwishoni mwa menyu ya kuhariri, ufungue sehemu ya folda. Utaona mahali hasa zinapokaa paleti, pateni, gradienti na vyombo vyako, kila kimoja na njia yake. Nakili njia hizo kwenye daftari. Kama una flashi, au simu yenye nafasi, beba folda hizo nne uziweke humo, na urudie kila Jumamosi.

Na wewe ambaye hujaanza kabisa, anza na rangi tatu. Usitafute kumi. Tazama nyumbani kwako, mlango, ukuta wa jirani, kanga iliyoanikwa uani, chagua tatu zinazokaa vizuri pamoja. Ziandikie faili kama tulivyofanya, mistari mitano, majina ya Kiswahili. Wiki ijayo, wakati kama huu, nitaeleza namna ya kupanga maandishi juu ya rangi hizo yasomeke. Kuwa na paleti yako tayari. Kwaherini kwa leo.